Mama, Uliza Kabla Usukani Haujafunguliwa

Safari hii hatutazungumzia uji wa lishe wala chanjo. Tunataka kuzungumza juu ya usukani wa gari. Tunajua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya baba na fundi, mama yanamhusu nini? Nasi tulikuwa tukisema hivyo hivyo mpaka mwezi wa Januari 2024.

Siku hiyo tulikuwa zamu katika chumba cha kufungia vidonda hapa Tabora. Akaletwa kijana wa miaka 19 hivi juu ya bodaboda, mwenzake amemshika kwa nyuma asianguke. Uso wake ulikuwa na vumbi la unga kama mtu aliyetoka mashineni kusaga. Ngozi ya mikono ilikuwa imechubuka kuanzia viganjani hadi karibu na viwiko, na jicho la kulia lilikuwa limefumba kabisa. Tukadhani ni ajali ya pikipiki. Tulipomwuliza jina lake alitutazama midomo tu, maana masikio yalikuwa yakivuma na hakutusikia vizuri. Kwenye paji la uso walikwisha kumpaka dawa ya meno, na jirani mmoja alikuwa ameshauri atiwe maziwa ya mama jichoni.

Haikuwa ajali ya barabarani. Gari lilikuwa limesimama chini ya mti, injini imezimwa. Kijana ni mwanafunzi wa gereji, naye alikuwa ametumwa kubadilisha kile kifaa kilicho nyuma ya usukani, kinachobeba swichi za indiketa, taa na waipa. Alikuwa ameuinamia usukani akipima waya kwa taa ya majaribio, betri ikiwa bado imefungwa. Ndipo mfuko wa hewa uliofichwa katikati ya usukani ulipofumuka kwa kishindo na kumpiga usoni.

Tulimwosha jicho kwa maji ya dripu kwa zaidi ya nusu saa. Tunamshukuru Mungu, macho yake yamepona, ingawa masikio yaliendelea kuvuma kwa majuma kadhaa. Ametupa ruhusa ya kuandika habari zake, ila tusimtaje jina wala gereji, nasi tunaheshimu ombi lake.

Usiku ule hatukulala vizuri, na sababu haikuwa kijana yule peke yake. Tulikuwa tumekumbuka gari letu.

Gari la kikundi

Sisi akina mama wa kikundi cha huduma kanisani tuna gari la abiria wanane, tulilolinunua kwa michango na kwa faida ya kuuza karanga na asali. Lilikwisha kutumika Japani kwa miaka mingi kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Kazi yake ni kuwapelekea wajane na wagonjwa msaada, kuwachukua akina mama wajawazito wanaohitaji kufika hospitali, na siku za Jumapili kuwaleta watoto wa shule ya Jumapili wanaokaa mbali. Mara nyingi linakwenda Kwihara, mahali lilipo lile tembe alilokaa Daktari Livingstone mwaka 1872. Mara nyingine linaelekea magharibi hadi Urambo.

Hii ndiyo njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Babu zetu Wanyamwezi waliipita kwa miguu, kila mpagazi na mzigo wake wa kilo 30 hivi. Mbele yao alitangulia kirangozi, ambaye ndiye aliyejua wapi pa kukata kona na wapi pana maji. Leo njia hiyo ina lami sehemu nyingi, na magari yanakimbia. Kirangozi akikosea njia, msafara ulipoteza siku moja au mbili. Dereva wa leo akikosea kwa sekunde moja, tunawapokea watu sisi wauguzi.

Basi, mwezi wa Agosti 2023 honi ya gari letu ilikufa. Siku chache baadaye ikawaka taa nyekundu kwenye dashibodi, yenye picha ya mtu aliyeketi na duara mbele yake, na haikuzimika tena. Tukampelekea fundi. Na hapa tunaungama mbele ya wasomaji wetu: hatukumwambia "tutafutie ubaya uko wapi." Tulimwambia, "Mwanetu, tuondolee hii taa, inatusumbua macho." Fedha zilikuwa kidogo na safari zilikuwa nyingi. Fundi akafanya kama tulivyomwagiza. Kwa muda wa saa moja taa ilizimika, na honi akatuwekea kitufe chake pembeni, chini ya redio. Tulimlipa, tukamshukuru, tukaendelea kubeba watoto.

Baada ya kumhudumia yule kijana ndipo tulipouliza kwa mara ya kwanza taa ile ilikuwa inatwambia nini.

Kilichomo ndani ya usukani

Mfuko wa hewa, ambao mafundi huuita eabegi, umekunjwa katikati ya usukani chini ya kifuniko. Kwa kawaida kwenye kifuniko hicho kuna herufi SRS. Nyuma ya mfuko kuna chombo cha chuma chenye kemikali inayowaka kwa ghafula, mfano wa baruti. Gari likigonga kwa nguvu, kompyuta ndogo ya gari hupeleka umeme, kemikali huwaka na kutoa gesi, na mfuko hujaa. Yote hayo huchukua kama sehemu 3 tu za mia za sekunde moja, yaani kabla hujapepesa jicho. Kitambaa huweza kuja kwa kasi ya kufikia kilomita 300 kwa saa. Mtu aliyefunga mkanda na kukaa vizuri hupokewa na mfuko huo, asigonge usukani kwa kifua na uso. Lakini mtu aliyeinama juu yake hupigwa na kasi yote ile.

Sasa fikiri kidogo. Usukani unazunguka kulia na kushoto, na kompyuta imetulia mahali pake. Waya zinazopeleka umeme kwenye mfuko zisingekatika? Ndiyo maana nyuma ya usukani, ndani ya kile kifaa cha nguzo yake, kuna utepe mwembamba wa waya uliojiviringa kama springi ya saa. Ukikata kona unajikunja, ukirudi unajikunjua. Kazi hiyo huifanya miaka yote ya gari. Utepe huo huo ndio unaopeleka pia umeme wa honi. Ukichoka na kukatika, honi hufa na taa ya mfuko wa hewa huwaka. Wasomaji watakumbuka kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa gari letu, kimoja baada ya kingine.

Kwa hiyo taa ilikuwa ikisema kweli: mfuko wa dereva hauna mawasiliano, likitokea la kutokea hautafumuka. Katika magari mengi kompyuta ikiona kasoro ya namna hiyo, hata mifuko mingine haiwezi kutegemewa tena. Nasi kwa miezi mitano tuliendesha gari lenye watoto huku tumemnyamazisha mlinzi aliyekuwa akipiga kelele mlangoni.

Mama, unaweza kujipimia mwenyewe pasipo spana. Zungusha ufunguo mpaka taa zote za dashibodi ziwake, bila kuwasha injini. Taa ya mfuko wa hewa ni lazima iwake pamoja na nyingine, ikae sekunde chache, kisha izimike. Katika magari mengi ya Toyota hukaa kama sekunde 6. Ikibaki inawaka, kuna kasoro. Isipowaka kabisa, hapo ndipo pa kushtuka zaidi, maana huenda mtu ameing'oa balbu au amebandika utepe mweusi juu yake. Tulipojaribu kwenye gari letu haikuwaka hata kidogo. Balbu ilikuwa imetolewa. Upo na ujanja mkubwa zaidi: mafundi wengine hufunga kipande kidogo kiitwacho rizista mahali pa mfuko ili kompyuta idanganyike, na hapo taa huwaka na kuzimika kama kawaida. Huo hauwezi kuutambua kwa macho. Unahitaji fundi mwaminifu na mashine yake ya kupimia.

Siku ya kazi

Tulimpata fundi mwingine, aliyesomea VETA, kijana mtaratibu asiyependa maneno mengi. Kabla ya yote alitaka kadi ya gari ili aandike namba ya chasisi, kwa sababu kifaa hicho hutofautiana hata kwa magari mawili yanayofanana sura. Hakukubali kununua kilichotolewa kwenye gari bovu. "Mama, utepe wa pale umekwisha zunguka miaka ishirini kama huu wenu," alisema. Kifaa kipya kilitoka Dar es Salaam kwa basi. Kilikuwa kimefungwa kwa pini ndogo ya plastiki ili kisizunguke, na ilikatazwa kuitoa pini hiyo kabla ya kukifunga mahali pake.

Jumamosi tukaenda wanne kutazama. Mwenye gereji alicheka, akauliza kama kanisa limefungua chuo cha ufundi. Tulicheka naye, lakini hatukuondoka.

Fundi aliegesha gari kwenye ardhi tambarare, magurudumu ya mbele yakitazama mbele sawasawa. Akazima, akatoa ufunguo, akafungua waya wa hasi wa betri na kuufunga kitambaa usije ukarudi kugusa. Kisha akavuta ndoo, akaketi. Dakika tano zikapita. Mwenyekiti wetu, ambaye hapendi mtu mvivu, akamwuliza, "Mwanangu, kazi inaanza lini?" Akajibu kwa adabu, "Imekwisha anza mama. Nangoja umeme uishe."

Akatueleza kwamba ndani ya ile kompyuta kuna kifaa kinachoweka akiba ya umeme, kusudi mfuko uweze kufumuka hata kama betri imevunjika katika ajali. Akiba hiyo haiishi mara moja. Vitabu vya ufundi vya Toyota hutaka mtu angoje sekunde 90 au zaidi, na watengenezaji wengine hutaka dakika nyingi zaidi. Yeye hungoja dakika 15 kwa gari lolote lile. Tukagawana karanga tukangoja naye. Laiti yule kijana wetu angefundishwa kuketi juu ya ndoo kwa dakika hizo 15!

Muda ulipofika alilegeza skrubu mbili za nyuma ya usukani, akiwa amekaa pembeni, uso wake hauelekei katikati. Akakivuta kifuniko taratibu, akachomoa plagi ya manjano. Rangi hiyo ya manjano, alitwambia, ndiyo dalili ya waya za mfuko wa hewa katika magari mengi, na mtu asizikate wala kuziunga. Hakuthubutu kugusa plagi ile kwa taa ya majaribio wala kwa mita, maana hata umeme mdogo wa kipimo unaweza kuuwasha mfuko. Akaubeba upande wa kitambaa ukielekea mbali na mwili wake, akauweka juu ya meza tupu kivulini, kitambaa kikitazama juu, akatuomba tusogee mbali. Ukiulaza kifudifudi nao ukafumuka, chuma chake huruka juu kama kombora.

Baada ya hapo akafungua nati kubwa ya katikati, lakini hakuitoa yote. Aliiacha ishikilie kwa mizunguko michache huku akiutikisa usukani utoke, ili ukichomoka ghafula usimpige kidevuni. Kabla ya kuutoa aliweka alama ya rangi kwenye usukani na kwenye chuma chake, ili uje urudi pale pale. Usipofanya hivyo gari linakwenda mbele na usukani umekaa upande.

Kifaa cha zamani alitufungulia tukakiona. Utepe ulikuwa umekatika karibu na mwisho, kama ule wa kaseti za nyimbo tulizokuwa tukiunga kwa rangi ya kucha. Kitu chembamba kiasi hicho!

Katika kukifunga kile kipya ndipo alipokuwa mwangalifu kupita kote. Utepe lazima uwe katikati ya mzunguko wake, wakati magurudumu yanatazama mbele. Ukifungwa ukiwa umeelekea upande mmoja, siku dereva atakapokata kona kali hadi mwisho utakatika, pengine siku hiyo hiyo ya kwanza. Kilichofungwa kwa pini kimekwisha wekwa katikati na kiwanda. Pini ikiwa imetoka, fundi hukizungusha polepole kwa mkono mpaka kigome, kisha hukirudisha nusu ya mizunguko yake yote. Kwa magari mengi ya Toyota ni mizunguko miwili na nusu. Akilazimisha, amekiua. Katika magari mapya zaidi, ndani ya kifaa hiki kuna pia kipimo kinachoiambia kompyuta usukani umegeuzwa kiasi gani, na baada ya kubadilisha ni lazima kisawazishwe kwa mashine. Ukiambiwa na fundi kwamba kazi hiyo inahitaji kompyuta, usidhani anatafuta kukuongezea bei.

Alirudisha usukani kwenye alama, akakaza nati kwa spana inayopima nguvu, akachomeka plagi ya manjano mpaka ikalia. Mwisho akatutoa sote karibu na gari. Akarudisha waya wa betri, kisha akasimama nje ya mlango, akapitisha mkono dirishani na kuzungusha ufunguo, uso wake ukiwa nje. Balbu alikuwa ameirudisha. Taa nyekundu ikawaka. Tukahesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ikazimika. Mwenyekiti akaomba abonyeze honi yeye. Mwenye gereji naye safari hii alipiga makofi.

Mifuko iliyozeeka

Lipo jambo jingine ambalo wenye magari yaliyotumika inafaa walijue. Kampuni ya Takata ya Japani iliuza vyombo vya kujazia mifuko ya hewa kwa makampuni mengi ya magari. Ikagundulika kwamba kemikali iliyotumika, amonia nitrati, huharibika kwa joto na unyevunyevu kadiri miaka inavyopita. Badala ya kujaza mfuko, chombo chenyewe hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Honda ilianza kuyaita magari yake mwaka 2008, wengine wakafuata, mpaka vyombo vilivyotakiwa kubadilishwa vikapita milioni 100 duniani. Marekani peke yake watu zaidi ya 20 wamekufa, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017.

Magari mengi ya miaka ile ndiyo tunayoyanunua sisi. Namba ya chasisi iko kwenye kadi ya gari. Mpe wakala wa mtengenezaji, umwulize kama gari lako lilikuwa katika orodha ya kuitwa na kama lilikwisha badilishiwa. Kupiga simu moja hakumpunguzii mtu heshima.

Na mfuko uliotolewa kwenye gari usinunuliwe kwa mtu usiyejua alikoutoa, wala usihifadhiwe stoo nyumbani, wala usitupwe jalalani. Sote tunajua jinsi tunavyochoma takataka jioni, na watoto wanavyopenda kuota moto huo.

Mama, mtoto na siti ya mbele

Hapa tunasema kama wauguzi, na tunasema kwa msisitizo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Siyo malaria. Hata hivyo kila Jumapili tunaona mama ameketi siti ya mbele na mtoto mchanga mapajani, kwa kuwa hapo ndipo pa heshima. Magari mengi yana mfuko wa pili ndani ya dashibodi mbele ya siti hiyo. Ukifumuka, mtoto aliyepakatwa yuko kati ya mfuko na kifua cha mama yake. Watoto wote walio chini ya miaka 13 wakae nyuma na wafungwe mikanda, na kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa. Heshima ya mama haitapungua akikaa nyuma na mwanawe.

Mama mjamzito afunge mkanda, asidanganywe kwamba unambana mtoto. Kipande cha chini kipite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Kile cha juu kipite katikati ya matiti na pembeni ya tumbo. Ikiwa ndiye anayeendesha, asogeze siti nyuma mpaka kati ya kifua chake na usukani pawe na nafasi ya sentimita 25 hivi. Pasipo mkanda, mfuko wa hewa si msaada bali ni ngumi.

Tena tuangalie vile tunavyopanga juu ya dashibodi. Boksi la tishu, chupa ya maji, mdoli, zulia la manyoya, na Biblia kubwa ya familia iliyowekwa hapo ili gari lilindwe. Mfuko ukifumuka, vyote hivyo hurushwa usoni mwa aliyeketi. Biblia ikae mkobani, isomwe mkifika.

Likimpata mtu kama lililompata kijana wetu, unga ule uliomwagika una chumvichumvi kali inayochoma. Mwosheni macho mara moja kwa maji safi yanayotiririka, mengi, kwa muda wa nusu saa kabla hata ya kuanza kutafuta usafiri, kisha mfikisheni hospitali. Asisugue jicho. Msitie maziwa ya mama, wala asali, wala majani, wala dawa ya meno juu ya ngozi. Nguo zenye unga azivue.

Kuhusu kumweleza baba wa nyumbani, kila mama anamjua wake. Mwenzetu mmoja alisema tu, "Baba, naomba tuwashe gari tuhesabu taa." Baba alicheka, wakahesabu, taa haikuwaka. Siku ya pili yeye mwenyewe alikuwa gerejini. Mwingine alijibiwa kwamba fedha hakuna mpaka mavuno ya tumbaku, naye akamhamishia mtoto siti ya nyuma wakati wakingoja mavuno. Hilo halikugharimu kitu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukuta mdogo kandokando ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Tulikuwa tukiyasoma maneno hayo miaka mingi bila kufikiria kwamba siku hizi nyumba nyingine zina magurudumu.

Tulirudi pia kwa yule fundi wa kwanza, si kwa kugombana. Tulimwomba radhi kwa kuwa sisi ndio tuliomtuma azime taa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, wateja kumi wakija, tisa wanataka taa izimike. Nikiwaambia bei ya kifaa wanahamia kwa jirani." Hatukuwa na la kumjibu, kwa maana tulikuwa miongoni mwa hao tisa.

Yule kijana amerudi kazini. Tulipita gerejini kwao mwezi wa Aprili, tukielekea Kwihara kumwona mgonjwa. Gari alilokuwa akilitengeneza lilikuwa limefunguliwa boneti, waya wa betri umefungwa kitambaa, naye ameketi juu ya ndoo ametazama saa ya simu yake. Alitusalimia shikamoo, tukaitikia marahaba. Tukamwuliza bado dakika ngapi. Akasema saba.